Kura Moja ya Valary

Sehemu ya Kumi na Moja

Simu ilitetemeka.

Tisa kwa tisa, msomaji wangu, na dakika moja imebaki! Wiki jana tulimwacha Dominic Makokha ameketi ukingoni mwa kitanda katika chumba cha madereva, mtaa wa Al-Naseem, Riyadh, macho hayabanduki kwenye simu. Tisa wameandika ABAKI, na yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Tisa wameandika AENDE. Kura inafungwa saa tano kamili asubuhi. Sasa ni saa nne na dakika hamsini na tisa, na kuna mtu ametuma neno.

Dominic alifumba macho.

"Soma wewe," alimwambia Ephraim. "Mimi siwezi."

Ephraim Mutiso, dereva mwenzake, wanayelala naye chumba kimoja na kupika naye sufuria moja, aliichukua simu. Akasoma, kisha akarukaruka kama mtoto.

"Umebaki, buda! Kumi kwa tisa! Umebaki!"

Dominic aliinuka kwa nguvu akagonga kichwa kwenye rafu ya vyombo. Hata maumivu hakuyasikia. Alimkumbatia Ephraim, akapiga goti kando ya kitanda na kumshukuru Yesu kimyakimya, kwa kuwa Al-Naseem hakuna anayemshukuru Yesu kwa sauti.

"Nani ameniokoa?" aliuliza akiwa bado amepiga goti. "Huyu malaika ni nani?"

Ephraim alikuwa ameacha kuruka. Aliitazama simu tena, akamtazama Dominic.

"Ni Valary," alisema. "Ni bibi yako."

Tabasamu la Dominic likakauka mdomoni.

Wewe uliyeanza kutusoma leo, nikupe habari kwa kifupi kisha tukimbie. Dominic ni mwenyekiti wa Mkono kwa Mkono, kundi la WhatsApp la Wakenya thelathini na mmoja walioko Saudia: madereva, walinzi, vibarua na kina dada wanaofanya kazi majumbani. Mtu akiugua, akifiwa au akizungushwa na kafili, yule mwajiri anayemdhamini, kuhusu ikama, kibali chake cha kuishi, mwenyekiti ndiye anayevaa shati safi na kwenda ubalozini. Ndiyo maana katiba yao inasema mwenyekiti lazima aishi Riyadh. Cheo hakina mshahara, na Dominic anakipenda kuliko chakula.

Lakini wanachama walikuwa wamemchoka. Alikuwa analifunga kundi ili aandike yeye peke yake. Sellah, dada mmoja wa Jeddah, alitolewa kundini kwa kosa la kuwasalimia watu asubuhi kabla mwenyekiti hajasalimia. Hapo ndipo Allan Momanyi, mlinzi wa huko huko Jeddah, kijana mwenye sauti nzuri na maneno ya kutosha, alipotoa hoja ya kutokuwa na imani.

Na Januari ile ya 2019 hata Uingereza walikuwa na kura yao. Jumanne usiku wabunge waliukataa mpango wa waziri mkuu wao wa kuitoa nchi katika Umoja wa Ulaya, tena kwa tofauti ya kura mia mbili na thelathini. Jumatano hii hii jioni walikuwa wanapiga nyingine, serikali yake ibaki au iondoke. Dominic alizifuata habari za mama yule kama mtu mwenye ndugu aliyelazwa hospitalini. Kundini walikuwa wameshampa jina kwa dhihaka, Mama wa London. Mbele yao alinuna. Akiwa peke yake alijiambia, yule akibaki na mimi nabaki.

Hata mbinu aliiona kwake. Desemba, mama yule alipoona atashindwa kura fulani bungeni, aliiahirisha. Dominic akang'amua kwamba kura ni saa ya kura. Ya kwake akaipanga Jumatano, saa nne hadi saa tano asubuhi. Muda huo madereva wameshawafikisha watu wao wanakokwenda, walinzi wameketi, kila mwanamume ana simu mkononi. Kina dada je? Wengi wao simu zimo kwenye droo ya madam mpaka Ijumaa. Na hao ndio waliokuwa wanamngoja kwa hamu tangu Sellah afukuzwe.

Ujanja mtamu kabisa. Ila mmoja wa kina dada hao ni mkewe mwenyewe, anayefanya kazi Al-Nuzha, Jeddah, na ambaye kwa zaidi ya mwaka mmoja amekuwa akimwambia maneno yale yale: "Baba Metrine, katikati ya wiki usinitafute. Simu anafungia madam. Ni Ijumaa tu."

Na leo ni Jumatano.

"Labda madam ameamka vizuri," Ephraim alisema. "Labda amempa dakika tano."

"Dakika tano za nini?"

"Za kukuokoa, bana! Si umeshinda? Furahi basi."

"Ephraim, mtu ambaye hana simu amenipigia kura kwa simu."

Alimpigia Valary. Ikalia mpaka ikakata. Akampigia tena, ikalia ikakatwa. Mara ya tatu haikupatikana kabisa. Kilichompata Dominic hapo, nakuambia bila kuficha, ni wivu. Ule wa kumfanya mtu mzima anuse shati la mke wake. Kwa siku sita za kila wiki, simu ile ilikuwa mkononi mwa nani? Ilikuwa inazungumza na nani?

Kundini pongezi zilikuwa zinamiminika, nyingine za kweli, nyingine za meno. Kisha ikaingia sauti ya Allan.

"Mwenyekiti, hongera sana," Allan alisema kwa utaratibu wake ule wa kuudhi. "Umeshinda, mimi nakubali. Swali moja tu. Ulituambia kina dada tusiwangoje, eti Jumatano hawana simu. Sasa huyu wako ametoa wapi? Au ya kwake haifungiwi?"

Wanaume kumi na saba wakaanza kuandika mara moja. Vicheko vikafuatana.

Lakini Dominic hakuona vicheko. Alikuwa ameishika simu sikioni, uso umembadilika. Akairudisha sauti ya Allan mwanzo. Akasikiliza. Akairudisha tena.

"Unatafuta nini?" Ephraim aliuliza.

"Nyuma ya maneno. Sikiliza nyuma ya maneno."

Ephraim alisikiliza. Nyuma ya sauti ya Allan, kwa mbali, kitu kilikuwa kinapayuka: *Falari! Falari! Yalla!*

"Ni nini hiyo?"

"Ni kasuku," Dominic alisema. "Kasuku wa madam wake. Amemfundisha jina la Valary vile Waarabu wanavyolitamka, na yalla ya kumharakisha. Kila Ijumaa nikiongea na bibi yangu namsikia. Mtoto wetu Metrine huko nyumbani Chwele anamwiga mpaka nyanya yake anacheka."

"Si kasuku ni wengi Jeddah?"

"Wanaojua jina la bibi yangu ni wangapi?"

Allan alikuwa amewaambia wote kwamba makazi yake ni Karantina, kusini kabisa mwa Jeddah, vyumba vya kubanana vya watu wa kipato kidogo. Karantina na Al-Nuzha ni mbali. Kasuku hapandi teksi.

"Yuko nyumbani kwake," Dominic alisema. "Saa tano ya asubuhi, Jumatano, Allan yuko nyumbani kwa kina Valary. Na simu iko wazi."

Basi msomaji, bahati ya mtu mwenye wivu huwa mbaya: hupata nafasi. Wiki nzima Dominic alikuwa na siri yake tamu. Madam wa nyumba anayofanyia kazi alikuwa ameruka kwa ndege kwenda kumwona mama yake Jeddah, na mume wa madam, ambaye madereva humwita baba, alikuwa amemwambia Dominic alipeleke gari la familia kwa barabara, lifike Alhamisi kabla ya adhuhuri. Hakumwambia Valary. Alitaka amshtukize kwa furaha, baada ya miezi mitano bila kuonana. Sasa furaha haikuwamo tena, ila safari ilikuwa pale pale.

Alitupa begi kwenye gari. Ephraim alisimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Ukifika, muulize kwanza," alisema. "Usianze na makelele. Huko si kwenu."

"Nitamuuliza."

"Huulizi wewe. Wewe unahukumu." Ephraim alitikisa kichwa, kisha akajaribu kupunguza makali. "Na yule mama wa London leo anaenda, nakuambia. Mtu akataliwe na watu wote wale halafu abaki?"

"Atabaki."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wanaomchukia, yule wa upande wa pili wanamchukia zaidi."

Aliyasema haraka, kama mtu anayejua siasa. Kisha akaliwasha gari. Alikuwa ameshavuka viunga vya Riyadh maneno yake mwenyewe yalipomrudia, na hayakumpa raha.

Alhamisi alfajiri ilimkuta kituo cha mafuta karibu na Taif, shingo imekakamaa kwa kulala kwenye kiti. Alifungua redio ya Kiswahili kwenye simu. Habari ya kwanza ilikuwa ile ile: serikali ya waziri mkuu wa Uingereza imenusurika kwa kura kumi na tisa.

Siku nyingine angepiga honi. Leo alimsikiliza mchambuzi akieleza kwamba wengi waliomkatalia mpango wake Jumanne ndio waliomwokoa Jumatano. Hawakuwa wamempenda usiku mmoja. Waliogopa kitakachokuja akiondoka, ndiyo maana wakampa kura.

Dominic alizima redio. Alikumbuka neno ABAKI, lenye herufi tano, likitoka kwenye simu ambayo haikupaswa kuwa wazi. Halikuwa na maneno mengine. Halikuwa hata na *mpenzi*.

Karibu na Makka barabara hugawanyika, Waislamu wanaendelea mbele na wasio Waislamu wanachepuka. Dominic ameipita njia ile mara nane na kila mara ameliona bango kilomita nyingi kabla. Asubuhi ile nusura alipite. Alikanyaga breki akakata kulia, lori likampigia honi ndefu, na akajikuta anamtukana Allan kwa Kibukusu, peke yake ndani ya gari.

Sasa sikiliza mambo ya pipani.

Wakenya wa kazi za nyumbani hawana mahali pa kuonana. Ndani ya nyumba za watu mgeni haruhusiwi, na kutoka hawatoki. Lakini kila nyumba ina taka, na kila mtaa una pipa moja kubwa la chuma, na kila asubuhi dada lazima atoke na mfuko. Pale pipani ndipo dada wa nyumba hii anapomwona dada wa nyumba ile, ndipo dereva anapompa mtu salamu za nyumbani, dakika mbili, halas, kila mtu anarudi kwake. Valary alikuwa amemwambia saa yake zamani: saa mbili kasorobo.

Saa mbili kasorobo Dominic alikuwa ameegesha hatua kumi kutoka pipa la mtaa wao.

Geti dogo likafunguka. Valary akatoka na abaya yake nyeusi, mfuko mmoja kila mkono. Alikuwa amenenepa kidogo, na ngozi imeng'aa. Mwanamume mwingine angemshukuru Mungu. Dominic alijiuliza anang'aa kwa ajili ya nani.

"Baba Metrine?" Mifuko ilimtoka mikononi. "Ni wewe? Umefikaje?"

"Nipe simu."

"Hata salamu hakuna? Miezi mitano?"

"Valary, simu."

Alimtazama kwa muda. Kisha akaingiza mkono chini ya abaya, akaitoa, akampa. Hakusita hata kidogo, na hilo lilimwongezea Dominic hasira, maana alikuwa amejiandaa kuinyang'anya.

Akaifungua. Mama mkwe. Sellah. Kundi la maombi. Kisha akaliona: *Allan*. Akalifungua.

*Dada, gari la taka limepita.* — *Asante.*

*Dada, mwambie madam kuna bomba linavuja kwa ukuta.* — *Nimemwambia.*

Akashuka chini zaidi. Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Allan: *Kesho usinisahau.* Valary: *Sitakusahau.*

"Hii ni nini?" Dominic alimwekea simu machoni. "Usimsahau! Hutamsahau! Nini hicho hutakisahau?"

"Ni kura."

Aliyejibu hakuwa Valary. Sauti ilitoka nyuma yake, ile ile nzuri ya kuudhi. Dominic akageuka. Ng'ambo ya kijia, kwenye kibanda cha mlinzi wa jengo la ghorofa nne lililoangalia ua wa jikoni wa kina Valary, Allan Momanyi alikuwa amesimama na sare ya bluu na kikombe cha chai. Na ndani ya ua, kwenye kizimba kilichoning'inizwa dirishani, kasuku alikuwa anapayuka jina la mke wa mtu.

"Mimi nalala Karantina," Allan alisema akija. "Kazi yangu ni hapa. Hukuwahi kuniuliza, mwenyekiti. Wewe hujawahi kuuliza mtu yeyote kitu chochote." Kisha akamgeukia Valary, na sauti ikapungua. "Na mimi nina swali. Ulikuwa umeniahidi kura yako. Nimekaa jana kutwa nikijiuliza. Valary, kwa nini ulimpa huyu?"

"Unamwita Valary?" Dominic alirukia. "Kwa simu ni dada, hapa pipani ni Valary?"

"Nimemuuliza yeye."

"Mimi ndiye nauliza hapa! Ni bibi yangu!"

Walisimama wakitazamana, wanaume wawili kando ya pipa la taka, mmoja akidai maelezo ya ahadi, mwingine akidai maelezo ya kura. Dominic aliyaona macho ya Allan akayatambua mara moja. Yalikuwa kama yake. Yule kijana naye alikuwa anaumwa ugonjwa ule ule, awe ana haki nao au hana.

"Mmemaliza?" Valary aliuliza. "Nina dakika chache. Madam yuko macho."

"Madam gani?" Dominic alicheka kwa uchungu. "Yule anayekufungia simu?"

"Hajawahi kuifunga. Hata siku moja."

Dominic aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwake.

"Mwezi wa kwanza nilipofika hapa," Valary alisema, "siku moja ulinipigia mara thelathini na moja. Nilihesabu. Ulitaka nikuonyeshe jikoni. Ukataka nikuonyeshe nyuma ya mlango. Naogesha mtoto wa watu, unataka nishike simu uone ni mtoto kweli. Madam akaniuliza, Falari, huyu ni mume au ni polisi? Nikaona kazi inaenda. Nikakudanganya simu inafungiwa. Nikapata siku sita za kupumua kwa wiki. Unasikia, Baba Metrine? Hakuna mwanamume. Nilikuwa napumua."

Allan aliinamisha kichwa. Hata yeye hakuwa anajua hilo, na neno *hakuna mwanamume* halikumpendeza sana.

Dominic alijua anasema kweli. Alilikumbuka lile la mlango. Lakini mtu mwenye wivu ukimfungia shimo hili huchimba lingine, na la Dominic halikuwa mbali.

"Sawa," alisema, akilainisha sauti. "Sawa, nilikosea. Lakini mwishowe uliniokoa, Mama Metrine. Watu wote walinigeuka, wewe ukasimama na mimi. Si ni mapenzi hayo?"

Valary alimwangalia kwa huruma. Ilimuuma kuliko tusi.

"Ijumaa iliyopita uliniambia nini? Ukishindwa kura, utafanya nini?"

"Nilisema..." Dominic alikumbuka. "Nilisema nikiondolewa sina tena la kunishikilia Riyadh. Namwomba baba anihamishie huku kwa mama mkwe wake. Niwe karibu na wewe."

"Na mwenyekiti anatakiwa akae wapi?"

"Riyadh."

"Basi," Valary alisema. "Nilipiga kura ubaki. Ubaki Riyadh."

Allan aliita jina la Mungu chini chini.

Dominic alishika ukingo wa pipa bila kujali uchafu. Kura ile aliyoipigia goti! Kilomita mia tisa na hamsini alikuwa ameisafiri kuja kuuliza maana yake, na sasa anaijua.

"Sijakuacha," Valary alimwambia, na safari hii alimgusa mkono. "Usinisikie vibaya. Mkataba umebaki miezi minane. Nataka turudi kwa Metrine tukiwa bado tunaongea. Ukikaa hapa karibu nitakuchukia, nakujua na ninajijua. Kaa Riyadh. Fanya kazi yako ya uenyekiti, na umrudishe Sellah. Nami kuanzia leo nitapokea simu siku yoyote, mara moja kwa siku, sitakudanganya tena. Unaweza?"

Ni ombi dogo, msomaji. Wewe na mimi tungelikubali tukiwa tumesimama hapo hapo. Dominic alifungua mdomo kulikubali. Nakuapia alikuwa ameshalifikia neno lenyewe.

Simu yake ikalia. Baba.

"Dominic, umefika?" Baba aliongea kile Kiarabu chepesi cha kuwasemesha madereva, na kwa kuwa husema kwa kupaza, wote watatu walisikia. "Mama ya madam mgonjwa. Madam atakaa Jeddah miezi mingi. Anataka dereva. Utabaki wewe, au urudi Riyadh nimlete Ephraim? Kwangu ni sawa. Sema sasa, yalla, nina mkutano."

Valary alikazia macho uso wa mumewe. Alitikisa kichwa pole pole, hapana, hapana. Midomo yake ilitamka bila sauti: *Riyadh.*

Na Dominic angesema Riyadh. Ila kabla hajasema aligeuka kidogo, akamwona Allan na sare yake ya bluu. Akakiona kibanda, hatua kumi na tano kutoka geti la jikoni. Akaziona asubuhi zote za miezi minane, pipani, saa mbili kasorobo, dakika mbili mbili, *dada* leo, *Valary* kesho. Wivu ukamsemea.

"Jeddah, baba," alisema. "Nabaki Jeddah."

"Tayeb. Halas." Simu ikakatwa.

Allan ndiye aliyeanza.

"Kwa hiyo kiti kiko wazi," alisema, na hakuonekana kufurahi vile alivyotarajia.

"Chukua kiti," Dominic alisema. "Kiti si kitu. Nitakuwa hapa kila asubuhi. Kila asubuhi, unasikia? Nione nani ataongea na nani."

Aligeuka amshike Valary mkono, ampe habari njema kwa upole: kwamba sasa watakuwa pamoja. Valary alikuwa ameshaichukua simu yake kutoka mkononi mwake. Aliishika karibu na mdomo, kidole kimebonyeza, na machozi yalikuwa yanamshuka lakini sauti yake ilikuwa imetulia.

"Mkono kwa Mkono, habari za asubuhi. Ni mimi Valary, wa Al-Nuzha. Natoa hoja ya kutokuwa na imani na Dominic Makokha. Si kama mwenyekiti, hilo mtamalizana wenyewe. Ni kama mume. Nimejaribu kumwokoa mara moja, amekataa. Kijijini kwetu ningeita wazee wa pande zote mbili wakae. Hapa sina wazee. Nina nyinyi."

Aliachia kidole. Sauti ikaenda. Dominic, katika shangwe za jana, alikuwa hajakumbuka kulifunga kundi.

"Ifute!" alifoka. "Valary, ifute! Watu hawajasikia bado!"

"Nimesema nilichosema."

"Hoja haiwezi kusimama bila mtu wa kuiunga mkono!" Alikijua kifungu hicho, alikiandika mwenyewe: dakika tano, na hoja isiyoungwa mkono imekufa. "Hakuna atakayeiunga. Hakuna mtu anaingilia nyumba ya mtu!"

Kisha akamwona Allan anaingiza mkono mfukoni. Alimrukia. Kikombe cha chai kikapasuka kwenye lami, Dominic akamkaba Allan kifundo cha mkono na kumbana kwenye pipa.

"Ukiandika neno moja nakuvunja huu mkono! Neno moja tu!"

"Sijaandika kitu," Allan alihema. "Niachie. Nilikuwa natafuta leso nimpe."

Nyuma yao geti lilifungwa na komeo likasukumwa. Valary alikuwa ameingia. Mifuko yake miwili ya taka ilikuwa bado chini.

Dominic alimwachia Allan. Dakika tatu zilikuwa zimepita. Alianza kupumua, akajiambia dakika mbili si nyingi, zitaisha, hoja itakufa, na atampigia Valary amwombe msamaha, mara moja tu, kama alivyotaka.

Simu ikatetemeka mfukoni mwake.

Ujumbe mmoja kundini, maneno mawili: *Naunga mkono.*

Alitafuta jina la aliyeutuma, akitarajia Sellah karudi kwa njia fulani, akitarajia yeyote kati ya wale tisa waliomkataa. Lakini aliyeandika alikuwa miongoni mwa waliomwambia ABAKI. Alikuwa Ephraim.